Madaftari Kumi na Moja ya Madam

Tuliosoma kwake tulimwita Madam, na mji mzima wa Isiolo ukafuata: muuza nyama, makarani wa kaunti, hata wazee wa mnada wa ng'ombe ambao hawajawahi kukanyaga darasa. Madam walikuwa wengi mjini, lakini ukisema Madam bila kuongeza kitu, ulikuwa unamsema yeye, yule mwembamba wa sweta ya kijani hata jua likiwaka, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa Mmeru aliyeshuka kutoka milimani kuja kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja, akakaa mpaka akaota mvi. Mambo ya kwao hakuyazungumza. Mtu aliyeuliza kila neno lilizaliwa wapi hakupenda yeye mwenyewe kuulizwa swali hilo.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea. Alinipa kazi yake yote ya maisha niitunze, nami nikaipoteza kwa mkono wangu, kisha nikamdanganya mwaka mzima. Sitaki mtu afike katikati ya hadithi hii akidhani mimi ni mwanafunzi mwema anayemsifu mwalimu wake.

Somo lake la kwanza kwetu halikuwa na kitabu. Aliingia, akachora ubaoni alama tano: duara lenye mkia, mistari miwili iliyopishana, kitu kama mguu wa ndege, na nyingine mbili. Watoto wa mjini walikodoa macho. Sisi watoto wa wafugaji tulianza kucheka, maana tulizijua. Ni alama za moto, zile anazochomwa ng'ombe au ngamia ili mifugo ikichanganyika kisimani kila mtu ajue mnyama ni wa ukoo gani.

"Hii ya Kilatini," akasema, akigonga duara kwa chaki. "Hii ya Kifaransa. Hii Kiarabu. Hii Kigiriki. Na hii ni ya wale watu wa kaskazini, wa kule baridi. Sasa mniletee Kiingereza, neno moja moja, tuangalie kila ng'ombe ni wa nani."

Tukaanza kuleta. "Window" lilitoka kwa wale wa kaskazini, na kwao lilikuwa jicho la upepo. Hilo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili, maana upepo wa kutoka upande wa Leparua ulikuwa ukituingilia darasani na vumbi lake kila saa nne. "Zero" ni Mwarabu. "Cattle" lilitoka Ufaransa likiwa na maana ya mali, na nyuma yake kuna Kilatini cha kichwa, na "capital" ya benki ni ndugu yake wa tumbo moja. Tulipiga makofi. Baba zetu walikuwa wamesema siku zote kwamba mali ni vichwa vya ng'ombe, na hawakwenda Roma kujifunza. "Nice" tulikatazwa kabisa kuliandika kwenye insha, kwa kuwa zamani lilimaanisha mjinga, na Madam alisema bado linanuka ujinga.

Kufikia mwisho wa muhula ubao ulikuwa umejaa alama. Akasimama kando, mikono imejaa chaki, akatutazama.

"Mnaona? Ya kwao wenyewe ni machache. Hayo mengine yote waliswaga usiku. Hakuna mwizi wa mifugo hapa Isiolo anaweza kuwashinda. Sasa mtu aniambie kwa nini mnaogopa hii lugha. Mnaogopa ng'ombe yenu?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kutoka Kulamawe, ninayelala bweni, na Kiingereza kilikuwa kinanitoa jasho. Siku hiyo niliacha kukiogopa. Mpaka leo duka langu la kuchapa barua na kutoa fotokopi linaendeshwa na siku hiyo.

Si kwamba mambo yake hayakumletea matata. Kulikuwa na msichana darasani kwetu, binti ya mwalimu wa madrasa, aliyependa kupaka wanja. Madam alimsimamisha mbele, akasema: mnaona hii iko machoni mwa huyu? Waarabu huiita kuhl. Wazungu walilichukua hilo jina pamoja na "al" yake mbele, wakaita hivyo unga wowote laini, halafu kitu chochote kilichochujwa sana, na mwisho wakaliweka kwenye chupa: "alcohol." Kesho yake baba mtu alikuwa getini, kofia imekaa sawasawa, uso umekunjwa.

"Salaam aleikum. Wewe ndiye umeambia mtoto yangu ati ako na pombe kwa macho?"

"Waleikum salaam, mwalimu mwenzangu," Madam akajibu, maana salamu ya Waislamu aliijibu kikamilifu hata kama Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Akamketisha kwenye benchi la ofisi, akamwandikia neno kwa herufi zetu, akamwomba yeye aliandike kwa Kiarabu. Yule mzee alilitazama muda mrefu.

"Kumbe walituibia," akasema. "Na vile hawana haya, wakaenda wakaliweka kwa chupa." Kuanzia hapo wakawa marafiki, na kila Idi sahani ya pilau ilifika nyumbani kwa Madam ikiwa imefunikwa.

Na kuna kisa cha mbuzi, ambacho kila mtu wa rika langu hukisimulia kwa namna yake. Mimi nilikuwepo. Baba mmoja alifika shuleni mwaka wa kiangazi na mbuzi wanne, akasema hii ndiyo karo ya mtoto wake. Mwalimu mkuu akasema shule si boma. Madam akatoka darasani katikati ya somo, akamwambia mkuu mbele yetu sote kwamba hilo neno "fees" analolidai ukichimba mizizi yake unafika kwenye mifugo, na kwa hiyo huyu mzee ndiye pekee katika wazazi wote aliyeleta kitu chenyewe.

"Madam, mimi nitaweka mbuzi benki?" mkuu akauliza.

Akawachukua yeye mwenyewe, na sweta yake ya kijani, akawaswaga hadi sokoni huku wachuuzi wakimcheka. Aliuza watatu. Wa nne hakununuliwa, maana Madam hakujua kupatana bei. Alipotajiwa bei ya chini alianza kumfundisha mnunuzi maana ya maneno. Akatoa pesa yake, akarudi naye nyumbani, akamwita Fee. Aliishi na huyo mbuzi miaka mingi kwenye ua wake mdogo pale Chechelesi, na jioni ukipita ungemsikia akiongea naye. Aliongea naye Kimeru, taratibu, na sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa. Kwa sababu huyu mwanamke aliyebembeleza mbuzi kwa lugha ya mama yake, ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa kibao.

Waliosoma shule zetu wanajua kibao. Ni kipande cha mbao kimetobolewa, kimepitishwa kamba, unavishwa shingoni ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani. Unakaa nacho mpaka umkamate mwingine, na ukikutwa na kosa la pili ukiwa nacho shingoni, ni kiboko. Madam aliamini kibao kama watu wanavyoamini chanjo. Alisema kinauma kidogo, lakini mtihani wa taifa hauna huruma na Mborana wala Mmeru.

Nilikuwa kidato cha pili nyanya yangu alipokuja. Alitoka Kulamawe juu ya lori la mbuzi, na kibuyu cha maziwa ameking'ang'ania kifuani asije akakimwaga. Akko, yaani nyanya kwa Kiborana, hakujua Kiswahili zaidi ya "maji" na "asante". Nilipomwona getini nilikimbia, nikamwita "Akko!", nikamuuliza za nagaa, yaani amani: amani ya nyumbani, amani ya mifugo, amani ya safari, vile mtoto wa Kiborana anavyopaswa kumsalimu mkubwa. Kiranja alikuwa karibu. Na Madam alikuwa nyuma ya kiranja.

Alikitoa kibao kwenye shingo ya mtoto mwingine, akanivisha mimi, hapo hapo, mbele ya nyanya yangu, akarudi hatua mbili.

Akko alikitazama kile kibao. Akakishika kwa vidole, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha. Kisha akaniambia maneno machache kwa Kiborana, akamtazama Madam, akaniachia kibuyu, akaenda kutafuta lori la kurudi. Mimi sikumjibu. Nilitabasamu tu, kwa sababu kutabasamu hakukuwa kumekatazwa. Sikumwona tena. Kiangazi cha mwaka ule alifariki, na nilipopata habari walikuwa wameshamzika.

Alichosema Akko nitakiweka mpaka mwisho, maana nilikaa nacho peke yangu miaka mingi, na nilipokitoa ilikuwa ni mwisho kweli.

Wakati ule nilimchukia Madam. Nilimchukia vizuri, kwa bidii, muhula mzima. Lakini ni vigumu kuendelea kumchukia mtu anayekufungulia kitu kipya kila Jumatatu. Kibao kilikuja kuondolewa shuleni, na watu walisema ni yeye aliyekichoma kwenye jiko la shule. Sikumuuliza. Naye hakusema.

Alikuwa bahili wa neno moja: "sorry." Wakenya tunalimwaga "sorry" kama maji ya kuoshea mikono. Umemkanyaga mtu, sorry, umechelewa, sorry, umetaka kupita, sorry. Madam hakulitumia. Alitufundisha kwamba asili yake ni ile ile ya "sore", kidonda. Zamani za Waingereza aliyelisema alikuwa anasema yeye mwenyewe anaumwa. "Kama huumwi, usiseme," alituambia. "Sema samahani, sema pole, hiyo ni adabu. Lakini hili neno uliache mpaka uwe na jeraha." Miaka yote niliyomjua sikulisikia kinywani mwake. Kuna walimu wenzake waliomwona ana kiburi, na sisemi hakuwa nacho.

Neno lingine alilolikwepa ni "deadline." Alisema lilianzia kwenye gereza la vita kule Marekani: mstari ulichorwa ardhini, na mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Alikuwa anatuambia kazi aitaka Ijumaa, na Ijumaa aliitaka kweli, ila hilo jina hakulipa nafasi darasani.

Nalieleza hili kwa sababu ya siku aliyokuja dukani kwangu, akiwa amestaafu, na gunia mgongoni. Ndani kulikuwa na madaftari kumi na moja. Yalikuwa madaftari ya kawaida ya shule, yale ya gamba la bluu, yenye mistari ya jina na darasa hapo mbele. Kila neno alilowahi kulifuatilia alikuwa ameliandika humo kwa wino mwekundu, na pembeni amelichorea alama yake ya moto, na chini yake amelieleza kwa Kiswahili, kwa mifano ya hapa hapa: chumvi ya ng'ombe kwenye "salary," ambalo asili yake ni chumvi, upepo wetu kwenye "window." Miaka thelathini ya kazi. Alitaka niyachape yawe kitabu, watoto wa hapa wakisome.

"Nimalize lini, Madam?" nikamuuliza.

"Sikupi hiyo kitu," akasema. "Unajua ilitoka wapi. Ufanye pole pole, Talaso. Macho yangu yamechoka kwa hii sukari, siwezi kuandika mara ya pili. Lakini wewe nakuamini."

Nikaliweka gunia chini ya benchi. Nikachapa kurasa za mwanzo, zikaja kazi za watu wenye haraka, wasifu za vijana wanaotafuta ajira, mikataba ya viwanja, barua za machifu. Madam hakuwa na haraka, kwa hiyo alingoja. Ndivyo tunavyowafanya watu wanaotupenda.

Januari ikafika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, mji wetu una desturi yake: shule zikifungua, watu hutoa madaftari ya watoto ya mwaka uliopita, wachuuzi huyachukua kufungia mandazi na njugu. Watoto wangu walikuwa wamejaza gunia zima, nami nikalileta dukani, nikaliweka chini ya benchi lile lile. Mama Mandazi wa pale stendi akaja nikiwa na foleni ya wateja, mashine imekwama, karatasi imeng'ang'ania ndani.

"Ile karatasi uliniambia iko wapi, Mama?"

"Hapo chini. Chukua hiyo gunia," nikasema, na sikuinua hata kichwa.

Niligundua wiki tatu baadaye, nilipoinama kutafuta waya. Nikavuta gunia, nikafungua, nikakuta hesabu za mwanangu. Nilikaa sakafuni. Kisha nikakimbia mpaka stendi, kiatu kimoja kikanitoka njiani.

"Ile karatasi ya nyekundu nyekundu?" Mama Mandazi akasema. "Ilikuwa mzuri, gamba ngumu. Lakini ilikuwa mingi, nikagawia na wenzangu. Wa njugu, wa viazi, yule wa mayai huko karibu na msikiti. Kwani ilikuwa ya maana?"

Hapo ningesema ndiyo. Ningesimama pale stendi nikamwambia kila mchuuzi anipe kilichobaki. Lakini kulikuwa na watu, na mimi ndiye mwenye duka la kuchapa, ambaye mji mzima huniletea hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa. Nani angeniletea tena?

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa tu karatasi."

Mwaka mzima nikawa namwepuka Madam, na nisipoweza kumwepuka, namdanganya. "Nimefika herufi ya G." "Mashine inasumbua." Alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Sawa, Talaso. Pole pole." Sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza swali la pili, yeye ambaye darasani alikuwa na swali la pili, la tatu na la nne.

Na katika mwaka huo akaanza kitu kilichonikera. Mwanamke aliyeacha sukari kwenye chai, aliyekuwa akitembea na kikebe cha dawa kwenye mkoba, akawa ananunua mandazi. Kila asubuhi, kwa fimbo yake, anapapasa njia mpaka stendi. Jioni nilimwona kwa muuza njugu. Siku nyingine kwa wa viazi. Watoto wa Chechelesi walimfuata nyuma, maana vitafunio vyote aliwagawia wao. Nilidhani uzee umemwingia kichwani. Siku moja nilimkuta na pakiti tatu mkononi, nikamkaripia barabarani mbele za watu.

"Madam! Na sukari yako hiyo! Unataka kupoteza macho kabisa?"

Alisimama, akaniangalia upande ambao sauti ilitoka. Akamwaga mandazi mikononi mwa watoto, moja moja, kisha akaikunja karatasi kwa uangalifu, akaiweka kwenye mkoba.

"Umesema kweli," akanijibu. "Nimekuwa mlafi."

Nikaenda zangu nikijiona mtu mwema.

Mpwa wake alipokuja kumchukua kumrudisha milimani, habari zilinifikia asubuhi hiyo hiyo. Nilifunga duka. Njia nzima ya Chechelesi nilikuwa napanga maneno, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa Kiborana, na yote yalikuwa yanaanza na kisingizio. Mpwa alikuwa nje anapanga viti kwenye pikapu. Madam alikuwa ndani, ameketi kando ya dirisha, upepo unampiga uso. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunifuata nilipoingia.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Madam. Talaso."

"Kaa."

Sikukaa. "Madam, yale madaftari..." Na hapo nikakwama. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikakwama kama kidato cha kwanza.

"Chini ya kitanda kuna sanduku la bati," akasema. "Livute, ulifungue."

Nililivuta. Ndani zilikuwepo karatasi. Karatasi zenye madoa ya mafuta, nyingine zimechanika pembe, nyingine zina vipande vya ganda la mayai yaliyochemshwa. Zilikuwa zimepigwa pasi zikanyooka, zikapangwa kwa herufi. Wino mwekundu. Duara lenye mkia, mguu wa ndege. Rundo lake halikufikia hata madaftari mawili.

Nilisikia sauti inatoka kwangu, si neno, ni sauti tu.

"Mtoto wa jirani aliniletea mandazi, ile wiki ya kwanza," Madam akasema. "Nilikuwa bado naona kidogo. Nikaona 'window' yangu imelowa mafuta. Nikajua ni bahati mbaya. Nikangoja uje uniambie."

"Kwa nini hukuwauliza wachuuzi, Madam? Wangekupa zote! Siku ile ya kwanza wangekupa zote!"

"Ningewauliza, wangeuliza zilitoka wapi. Na Isiolo ni ndogo. Kufika jioni kila mtu angejua ni Talaso wa fotokopi alitupa kazi ya mwalimu wake." Akatafuta ukingo wa shuka yake kwa vidole. "Nilikuvika kibao mara moja, mbele ya nyanya yako. Cha pili sikutaka kukuvika."

Nikapiga magoti pale sakafuni, karatasi zikiwa mapajani mwangu. Nililia bila kujificha. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, vile alivyokuwa akingoja darasani mtu atafute jibu.

"Sasa na mimi nikuulize," akasema. "Nimetaka kuuliza miaka hii yote, na niliogopa. Baada ya kustaafu nilijifunza Kiborana kidogo, huko sokoni, nikitafuta yale maneno. Sikuyapata. Nyanya yako alisema nini siku ile? Alinilaani?"

Sikutaka kumwambia. Wallahi sikutaka.

"Hapana, Madam. Hakukulaani. Hakujua kibao ni nini." Nikafuta uso na buibui. "Kwetu, kwa ngamia, kuna kengele ya mti. Inafungwa shingoni, kwa yule ngamia mmoja anayetangulia, wengine wanafuata sauti yake. Alipokigonga kile kibao kwa ukucha alikuwa anatafuta sauti. Aliniambia: 'Wamekufunga kengele. Kumbe ni wewe unaongoza wengine. Mwambie mwalimu wako Mungu ampe amani.' Akarudi Kulamawe akiwa na furaha. Walinihadithia baadaye, alipita boma kwa boma akiwaambia."

Madam alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake ukawa mzito.

"Na wewe ulimwambia ukweli?"

"Sikumwambia kitu, Madam. Nilikuwa na kibao shingoni. Ningeongea Kiborana tena, ningechapwa."

Nje mpwa alipiga honi. Alipiga mara ya pili. Madam aliweka kiganja kifuani mwake, pale pale ambapo mtu huweka mkono mahali pakimuuma.

"Sorry," akasema.

Mimi nilikuwa nimekuja kulisema neno hilo kwake, na sikuwa na nguvu ya kulitoa. Nilimvalisha sweta yake ya kijani, nikafunga vifungo kimoja kimoja, nikamshika mkono mpaka kwenye pikapu.